Jibu: Mchoro unatoka na ukungu kwenye fulana

Salaam ndugu yangu. Umesema mchoro wako wa Pembe za Ndovu za Moi Avenue, Mombasa, unapendeza kwenye simu, lakini fulana ya sampuli imekuja na ukungu, tena na kiraka cheupe kuuzunguka mchoro.

Kwanza angalia mchoraji alikutumia faili kwa njia gani. Mimi nilitumiwa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, na WhatsApp huibana picha ikapoteza ubora. Nikaipandisha vivyo hivyo kwenye duka langu la fulana la mtandaoni. Ziliuzwa fulana tatu, zote nikarudisha pesa, na mteja mmoja alikuwa binamu yangu aliyeko London. Iliniuma sana. Mwombe mchoraji akutumie upya kama dokumenti, au kwa barua pepe.

Halafu pima. Mchoro wa inchi 12 kwa 16, kwa pikseli (nukta za picha) 300 kila inchi, unataka pikseli 3600 kwa 4800. Ukiwa mdogo usiuvute; uchorwe upya.

Kiraka cheupe huletwa na faili ya JPEG, aina ya picha ambayo lazima iwe na mandharinyuma. Mchoro uhifadhiwe kama PNG, aina inayoweza kukaa bila mandharinyuma, na mandharinyuma yenyewe yaondolewe.

Ukishamaliza, agiza sampuli nyingine uifue mara mbili tatu kabla ya kufungua duka.