Vipimo vyote safi, mbona silali?

SWALI: Shikamooni wataalamu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Dodoma, umri miaka 41. Huu ni mwezi wa nane usingizi umeniruka. Napanda kitandani saa tatu usiku, nageukageuka hadi saa sita, na saa kumi nashtuka moyo unadunda. Mabega yamekaza, kichwa kinauma kila siku. Nimepimwa damu, tezi ya shingo na moyo, vyote salama. Sasa daktari kanielekeza kwa mwanasaikolojia. Maneno yatanirudishia usingizi kweli?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Vipimo kuwa safi hakumaanishi unajisingizia ugonjwa. Mwili wenye wasiwasi hukaa macho kama mlinzi: moyo unakwenda mbio, misuli ya shingo na mabega inakaza, na mkazo huo unaweza kuleta maumivu ya kichwa. Miezi ikipita, kitanda chenyewe kinageuka kengele ya kukuamsha, kwa sababu umekizoea kama mahali pa kuhangaikia usingizi. Tiba ya kisaikolojia ya kukosa usingizi huvunja mazoea hayo, tena kwa daftari, saa na hesabu. Mwaka 2016 chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kilipendekeza watu wazima wenye tatizo sugu la usingizi waanzie hapo kabla ya vidonge. Mara nyingi ni vikao vinne hadi vinane.

Kwanza utapewa daftari la usingizi. Kila asubuhi, kwa wiki moja au mbili, andika ulipanda kitandani saa ngapi, usingizi ulikuchukua lini, uliamka mara ngapi na ulitoka kitandani saa ngapi. Kisia tu, ukichungulia simu usiku ili upate dakika kamili, unajiamsha mwenyewe.

Tuseme daftari linaonyesha unakaa kitandani kwa muda wa saa 9 lakini unalala kwa saa 5 na nusu tu, yaani kama asilimia 61 ya muda wa kitandani. Mtaalamu atakupangia saa hizo 5 na nusu tu: unalala saa sita na nusu usiku, unaamka saa kumi na mbili asubuhi, Jumapili ikiwemo. Hashuki chini ya saa 5. Wiki ukilala angalau asilimia 85 ya muda huo, unaongezewa dakika 15. Usingizi usipokuja kwa kama dakika 20, ondoka kitandani. Mkiishi chumba kimoja, mkeka pembeni unatosha. Keti, taa iwe hafifu, rudi kope zikianza kuwa nzito.

Wiki ya kwanza ni ngumu, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Mchana utasinzia, na hamu ya kujinyoosha baada ya vipindi itakuwa kubwa. Usijinyooshe: uchovu huo ndio utakaokulaza usiku, na ukiutumia saa tisa alasiri usiku unabaki mtupu. Chai ya rangi na kahawa ziishie adhuhuri.

Mawazo nayo yana zamu yake. Saa moja jioni kaa dakika 15 na karatasi. Upande mmoja andika linalokusumbua, mfano “ada ya mtoto”, upande wa pili hatua moja ya kesho: “nimpigie mhasibu”. Kwa mabega, kaza misuli sekunde 5, iachie sekunde 15, kundi moja baada ya jingine kuanzia miguuni.

Usianze ratiba hii peke yako kama una kifafa, kama umewahi kuwa na siku za kutolala bila kuchoka huku umechangamka kupita kiasi, au kama unaendesha gari au mitambo. Ukiambiwa unakoroma na pumzi inakatika usingizini, rudi kwa daktari kwanza. Na yakikujia mawazo ya kujidhuru, nenda hospitali siku hiyohiyo, usisubiri miadi.

SWALI: Mimi natumia diazepam, dawa ya kutuliza wasiwasi na kuleta usingizi, kila usiku tangu mwaka jana. Nikianza tiba hii niitupe? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Hapana, ndugu yetu. Ukiikatisha ghafla unaweza kupata mitetemeko, hata degedege. Iendelee wakati tiba inaanza, na aliyekuandikia aipunguze kidogokidogo, kwa wiki kadhaa au miezi. Mpelekee daftari lako la usingizi. Ataona humo kama kila hatua mwili umeipokea.