Kwenda Kufundisha Wachungaji Ugenini: Maswali Yenu

Katika toleo lililopita nilieleza kazi ninayoifanya kwa miaka mingi sasa: kwenda nchi za watu kufundisha wachungaji, wainjilisti na wazee wa kanisa, kisha kuendelea kuwalea semina inapokwisha. Niliandika kwamba mwalimu wa namna hii apimwe kwa watu anaowaacha wakifundisha wenzao, na kwamba idadi ya nchi alizokanyaga haituambii kitu. Barua zimekuja nyingi, baadhi kali. Hizi nimezichagua kwa sababu zinagusa mambo ambayo huwa hatuyasemi hadharani.

Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Nimealikwa kwa mara ya kwanza kufundisha viongozi wa kanisa nchi jirani kwa wiki moja. Nimeandaa masomo kumi na mawili na nitafundisha kwa mkalimani. Nishauri kabla sijaondoka. (Mchungaji kijana)

Asifiwe milele, ndugu yangu. Kwanza punguza masomo. Ukifundisha kwa mkalimani kila neno linasemwa mara mbili, kwa hiyo saa moja yako ni nusu saa. Toa humo maombi, nyimbo, matangazo na maswali, uone kinachobaki. Masomo kumi na mawili utayapitia mbio, nao watayanakili mbio, na madaftari yatafungwa siku ya kuagana.

Mimi huchukua kitabu kimoja kifupi cha Biblia, mara nyingi Waraka kwa Tito. Una sura 3 na aya 46 tu. Siku ya kwanza tunausoma wote kwa sauti, kwa lugha yao, nami ninasikiliza. Kisha nauliza: nani anamwandikia nani? Yule anayeandikiwa yuko wapi, na kuna shida gani huko? Wanagundua wenyewe kwamba Tito ameachwa Krete ambako mambo bado hayajatengenezwa, wazee hawajawekwa katika kila mji, na wapo walimu wanaopindua nyumba nzima kwa ajili ya mapato ya aibu. Hapo vichwa huinuka, maana kila mmoja ameliona kanisa lake.

Siku ya pili wagawe katika vikundi vya watu wanne au watano, kila kikundi kipewe fungu lake na kutafuta jambo moja kuu ambalo fungu hilo linalisema. Kuanzia siku ya tatu wasimame wao kufundisha, wewe ukae benchi la nyuma na kalamu. Mtu anaweza kuitikia amina kuanzia asubuhi hadi jioni na asijue kulieleza fungu. Akisimama mwenyewe ndipo utakapojua alichokishika, na ndipo utakapojua cha kumsaidia.

Mkalimani mpe muda wako. Kutana naye mapema, mkabidhi mafungu yote jana yake ayatafute katika Biblia yake, muulize ni mambo gani hayaelewi. Unapofundisha, sema sentensi fupi iliyokamilika, kisha nyamaza. Usiikate katikati, kwa sababu ziko lugha ambazo kitenzi hukaa mwisho, na mkalimani hana pa kuanzia mpaka umalize. Watazame wasikilizaji, usimtazame yeye. Akichoka, mpumzishe. Na umwangalie vizuri mtu huyo: amelisikia kila somo na kulitamka kila somo kwa kinywa chake mwenyewe. Mara kwa mara mkalimani wangu ndiye amekuja kuwa mwalimu bora wa eneo lile baada ya mimi kuondoka. Katika Nehemia sura ya 8, Ezra alisoma torati, lakini Walawi waliowafahamisha watu maana yake wametajwa kwa majina yao.

Jambo la mwisho, fomu ya viza. Andika kazi unayokwenda kuifanya. Usiandike utalii ilhali unakwenda kufundisha watu uaminifu. Waombe wenyeji barua ya mwaliko mapema, na kama nchi ile inataka kibali maalumu, kisubiri.

Mchungaji, nasema bila kuficha. Kila mwaka kanisa letu linachangia nauli za walimu wanaokwenda nje. Wiki moja inambadilisha nani? Kwa nini fedha hizo zisiwapeleke vijana wa huko chuo cha Biblia? (Mama, mweka hazina wa kanisa)

Mama yangu, swali hili una haki nalo, na waulize bila aibu hao unaowalipia nauli. Paulo alikaa Korintho mwaka mmoja na miezi sita. Efeso alihojiana na watu kila siku katika darasa la Tirano kwa miaka miwili. Anayesema wiki moja inatosha kumjenga mchungaji hajaisoma Matendo ya Mitume.

Hata hivyo ipo safari fupi moja ambayo huwa naikumbuka. Mwaka 1890 John Nevius, mmisionari Mpresbiteri kutoka Marekani aliyekuwa akitumika Shandong, China, alikwenda Seoul akakaa wiki mbili na wamisionari wachache, wengi wao vijana. Aliwafundisha kwamba kila muumini ajifunze Neno na kumfundisha mwenzake, Wakorea wayabebe wenyewe makanisa yao, na viongozi wapewe madarasa ya Biblia ya mara kwa mara bila kung'olewa katika kazi zao na vijiji vyao. Nevius alifariki 1893. Wiki zile mbili zilizaa kwa kuwa wale aliowafundisha walibaki palepale na kuyatekeleza, na Wakorea walikuwa na Agano Jipya kwa lugha yao tangu 1887. Bila watu wa kubaki na bila Neno mikononi mwao, naamini ziara ile ingesahaulika.

Kuhusu chuo, nakubaliana nawe, pale inapowezekana. Ila wengi ninaokutana nao tayari wanaongoza makanisa, wana watoto na kazi zinazowalisha. Tatizo hilo ndilo lililowasukuma Wapresbiteri wa Guatemala mwaka 1963. Waliona viongozi walio watu wazima na wanaoaminika vijijini hawawezi kuhamia seminari, basi wakaifanya seminari iwafuate. Mwanafunzi alijisomea nyumbani, akakutana na mwalimu kila wiki karibu na anapoishi. Utaratibu huo ukaenea katika nchi nyingi.

Kwa hiyo, mama, kabla ya kusaini hati ya malipo, muulize msafiri: mwezi ujao nani atakutana na wachungaji hawa? Mwenyeji anayesimamia mafunzo ni nani? Wewe utarudi lini kwa watu walewale? Akibabaika, usimpe. Kwa upande wangu, baada ya semina wale waliokubali kulelewa hunitumia mahubiri yao waliyoyarekodi kwenye simu, nami huyasikiliza yote na kumjibu kila mmoja peke yake. Simu haigharimu nauli, na mara nyingi mazungumzo hayo yamejenga kuliko semina yenyewe.

Nikimaliza kufundisha wenyeji hunipa bahasha. Nipokee? (Mwinjilisti)

Tafuta kujua imetoka wapi. Kama ni sadaka ya upendo ambayo wazee wameikubali pamoja, ipokee kwa shukrani, kwa kuwa kuikataa kunaumiza. Kama imetoka mfukoni mwa mchungaji ambaye mwenyewe hana posho, irudishe kwa faragha, kwa heshima. Kabla hujasafiri kubaliana nao kwa maandishi ni gharama zipi wanabeba wao na zipi wewe, ili mtu asitoe kwa kuona haya. Paulo aliwaambia wazee wa Efeso kwamba hakutamani fedha, wala dhahabu, wala mavazi ya mtu. Aliyasema hayo mbele ya watu waliomwona kwa miaka mitatu.

Nilikuwa mgeni katika semina ambapo mchungaji mwenyeji, mtu mzima kwangu, alifundisha kwamba anayeugua hana imani. Nilinyamaza. Viongozi vijana walinitazama. Ningefanya nini? (Mwalimu wa Biblia)

Kumbuka Akila na Priskila walivyomchukua Apolo kwao wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Hawakumsahihisha sinagogi zima likitazama. Mtu mzima nyumbani kwake umfuate faraghani, ukae naye na Biblia, umwulize kwanza kwa nini anaamini hivyo. Huenda ukakuta amefundishwa hivyo na mgeni mwingine kabla yako.

Lakini usiwaache wasikilizaji hivihivi. Katika chumba kile pengine yupo mzazi mwenye mtoto anayeugua, na ameambiwa kwamba kosa ni lake. Siwezi kulala nikijua ameondoka na mzigo huo. Somo lako linalofuata liwe la kusoma tu. Mpe mmoja asome 1 Timotheo 5:23, Timotheo na magonjwa yake ya mara kwa mara. Mwingine asome 2 Timotheo 4:20, Trofimo aliyeachwa Mileto akiwa mgonjwa. Mwingine Wafilipi 2:27, Epafrodito aliyekaribia kufa. Uliza: je, Paulo aliwahesabu hawa kuwa hawana imani? Waache wajibu. Hujamtaja mtu, na Neno limesema.

Mchungaji, sisi ni wazee wa kanisa. Mwalimu kutoka nje ametufundisha vizuri kwa miaka kadhaa na huleta msaada wa fedha. Sasa anataka yeye ndiye aamue nani awe kiongozi wetu mkuu. Amesema tukikataa, msaada utakoma. (Wazee, kwa niaba ya baraza)

Wazee wangu, barua yenu niliisoma nikiwa na uchungu. Mwalimu anayefundisha uongozi kisha akawanyang'anya uongozi amebomoa kila alichokijenga, na ninawaambia wazi: msikubali.

Kosa hili lina historia. Samuel Ajayi Crowther, Mwafrika aliyewahi kutekwa utumwani, aliwekwa wakfu kuwa askofu wa Kianglikana mwaka 1864. Henry Venn, aliyekuwa katibu wa chama cha misheni kilichomtuma, aliamini kwamba wamisionari lazima wafikie mahali waondoke na kanisa lisimame lenyewe. Baada ya Venn kufariki, wakaja wamisionari vijana kutoka Uingereza walioipekua kazi ya Crowther, wakawasimamisha watumishi wake na kumdhalilisha akiwa mzee sana. Alifariki mwaka 1891, na nafasi yake akapewa Mzungu. Baadhi ya Wakristo wa huko Nigeria, alikotumika Crowther, walijitenga wakaanzisha makanisa yao. Vijana wale walijiona wanalinda usafi wa kanisa. Inawezekana na mwalimu wenu anajiona hivyo, kwa hiyo msimwite adui.

Mtu atawajibu kwamba Paulo naye aliweka wazee. Kweli, yeye na Barnaba walifanya hivyo Listra, Ikonio na Antiokia. Wazee wale walikuwa watu wa makanisa hayohayo, na baada ya kuomba na kufunga mitume waliwaweka katika mikono ya Bwana, wakaendelea na safari. Wala hatusomi kwamba aliwashika kwa fedha. Fedha tunazosoma habari zake zilikwenda upande mwingine: Makedonia na Akaya ndio waliowachangia maskini wa Yerusalemu.

Sasa fanyeni hivi. Ketini baraza zima mhesabu msaada huo unalipia nini hasa, kitu kwa kitu, na ni kipi mnaweza kukibeba wenyewe kuanzia sasa. Kitakachobaki, amueni kama mnaweza kuishi bila hicho. Mkishapata jibu, mwandikieni barua moja yenye sahihi za wazee wote, asije akaongea na mmoja mmoja. Mshukuruni kwa masomo, kwa kutaja yale yaliyowafaa. Mwambieni kiongozi atachaguliwa kwa utaratibu wa kanisa lenu. Mkaribisheni aje kuomba pamoja nanyi siku ya kumweka kiongozi huyo wakfu. Msimtishe, msimsihi. Na kama yupo askofu au kiongozi wa juu wa kanisa lenu, apate nakala.

Yawezekana fedha zikakoma kweli. Nimeona kanisa lililopita hapo. Walipunguza mambo mengi, lakini mikutano ya wazee ilianza kuhudhuriwa na watu wote, kwa kuwa maamuzi yalikuwa yao.

Mume wangu ni mwalimu wa wachungaji. Anasifiwa kila anakokwenda, lakini watoto wetu wanamjua kwa simu. Nikisema, naambiwa napinga huduma. (Mama mchungaji)

Dada yangu, hupingi huduma. Orodha ya sifa za askofu katika 1 Timotheo 3, ambayo bila shaka mumeo anaifundisha kila mahali, inataka mtu anayeisimamia nyumba yake vema. Anayeifundisha naye inamhusu.

Mwonyeshe ukurasa huu. Kisha mkae na kalenda, nyote wawili, muweke kwanza siku ambazo hasafiri kabisa kwa sababu yoyote: mitihani ya watoto, likizo zao, wakati wa ugonjwa. Mialiko iingie kwenye nafasi zilizobaki. Nyumbani kwangu mwaliko haujibiwi mpaka mke wangu ameisoma barua na kusema neno lake, na zipo alizozikataa nami nikaandika kwamba siji. Akikataa kuketi nawe, nenda kwa mzee wa kanisa ambaye mumeo anamheshimu, umwombe awe shahidi wenu. Safari aliyokwisha kuiahidi aitimize. Ile inayofuata awaandikie wenyeji wiki hii kuomba iahirishwe, au atume mmoja wa wale aliowafundisha aende badala yake.