Jibu: Bendera zimejaa mtaani kwetu Birmingham, nivunje mkataba nihame?

Mdogo wangu usihame! Usimwandikie ajenti wa nyumba chochote leo. Umesema bendera za England, zile nyeupe zenye msalaba mwekundu, zimefungwa kwenye nguzo za taa hapo mtaani Northfield, wife hapati usingizi kwa hofu, unataka kuvunja mkataba wa nyumba mkimbilie Leicester. Mimi nilikimbia hivyo hivyo Agosti 2025, na ile hela hairudi.

Natoka shifti ya usiku nakuta mzee wa nyumba ya pili yuko juu ya ngazi anafunga bendera na vile vizipu vya plastiki, akanipungia mkono, mimi nikaingia ndani nikafunga komeo. Kwenye grupu la WhatsApp kuna jamaa alikuwa anatuma voisi kila siku, eti nyumba yenye bendera ni ya wabaguzi, Jumamosi watachoma kama kwenye zile ghasia za 2024, okoeni watoto. Nikabeba watoto. Ajenti akasema mkataba hauna kipengele cha kutoka mapema, utalipa kodi mpaka apatikane mpangaji mwingine, pauni 950 kwa mwezi, miezi mitatu nikalipia nyumba mbili kwa mshahara mmoja wa kutunza wazee, na hela ya visa ya mke wangu ndo ikaishia humo. Yule jamaa wa voisi kumbe yuko Dubai! Birmingham hajawahi kukanyaga, anatisha watu wenye familia halafu anaenda zake kulala. Sijamsamehe.

Siku nimerudi kuchukua barua, mzee akaniuliza mbona mmeondoka hata kuaga hamna. Nikamwambia ukweli, ni bendera yako. Akanyamaza kidogo, akasema kila uchaguzi anaahidiwa wahamiaji watapungua, anaona serikali inalipia waomba hifadhi hoteli na yeye anasubiri operesheni ya goti, "hasira zangu ni za wale wa London, wewe si ndo ulikuwa unanitolea pipa la taka". Kweli, nilikuwa namtolea kila Alhamisi.

Sisemi wote wako hivyo. Tarehe 13 Septemba 2025 waliandamana London kupinga wahamiaji watu 110,000 mpaka 150,000 kwa makadirio ya polisi, na jukwaani wahamiaji tulisemwa vibaya sana. Kazini kuna mama alikataa nisimguse, na kwake hakuna bendera hata moja. Kitambaa hicho hicho wanakitundika England ikicheza mpira, sasa utajuaje bila kumuuliza mwenyewe?

Kwa hiyo leo jioni, kabla ya ajenti, nenda kagonge mlango wa jirani yako mwenye bendera umsalimie, jitambulishe, nenda na mtoto. Mkitishiwa au mkirushiwa kitu pigia polisi 999 hapo hapo. Akikujibu vibaya rudi hapa tuongee habari ya kuhama.