Naposti kila siku ila simu haiiti

SWALI: Dada habari za kazi. Mimi nina diploma ya uhasibu, mwaka jana niliacha kuajiriwa nikaanza kufanya mwenyewe, nawatunzia vitabu wafanyabiashara wadogo na kuwasaidia ritani, yaani zile taarifa za kodi za kupeleka TRA. Wateja ninao watatu na wote kaniletea mjomba. Nikaambiwa nitengeneze kontenti ndo wateja watakuja, basi kila asubuhi naposti Instagram na kwenye stetasi, maneno ya kutia moyo, bango la "Jumatatu njema" lenye logo yangu, siku nyingine naelezea mizania ni nini, leja ni nini. Laiki zinakuja, nyingi za watu niliosoma nao chuo. Mteja hata mmoja hajatokea huko. Halafu kuna rafiki yangu ananiambia nisifundishe sana maana watu wakishajua watafanya wenyewe. Nifanyeje?
*Mhasibu, Tabata*

JIBU: Mdogo wangu, angalia hizo laiki zinatoka kwa nani. Unachoposti kinawafurahisha wahasibu wenzio, na mhasibu mwenzio hakulipi hata siku moja. Mwenye duka la vitenge Kariakoo haamki anawaza mizania, anawaza kesho tarehe 20 na ritani ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani) haijaenda, anawaza mashine ya EFD ya kutolea risiti imegoma na mteja kasimama mbele yake anataka risiti, anawaza mbona nauza sana ila hela siioni. Yeye ndo unayemwandikia, na maneno ya kutia moyo anayapata bure kila kona.

Leo jioni fungua chati za hao wateja wako watatu usome wamekuuliza nini miezi hii, maana kila swali humo ni posti nzima, na liandike kwa maneno waliyotumia wao, ya darasani yaache darasani. Mfano hili la hela haionekani, chukua duka la kubuni uweke hesabu wazi: kauza milioni 8 kwa mwezi, mzigo umekula milioni 6.2, fremu laki 6, kijana wa dukani laki 2 na nusu, umeme na usafiri laki 1 na nusu, kilichobaki ni laki 8. Sasa mwezi huohuo kachomoa laki 9 kwenye droo akalipa ada ya mtoto, maana yake kala laki moja ya mtaji na hajui. Mwenye duka akisoma hiyo anajiona mwenyewe mle ndani, na anajua kuna mtu anaielewa shida yake kabla hata hamjaonana.

Halafu kazi yako ina kitu ambacho dizaina na mpiga picha hawana, ina kalenda. PAYE (kodi ya mishahara) tarehe 7, VAT tarehe 20, awamu za kodi ya mapato mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Posti ya awamu ya Juni itoke mapema mwezi huo, sio tarehe 29 mtu kashachanganyikiwa. Na katikati ya Juni bajeti ya serikali inasomwa Dodoma, mabadiliko mengi yanaanza tarehe 1 Julai, hiyo wiki ndo wiki yako. Mwaka 2023 kiwango cha mauzo cha kulazimika kusajiliwa VAT kilipanda kutoka milioni 100 hadi milioni 200 kwa mwaka, sasa fikiria wangapi walitaka mtu wa kuwaambia kwa lugha rahisi tu, mimi inanihusu au hainihusu. Mhasibu anayeandika hayo wiki hiyohiyo, kayasoma vizuri kwenye sheria yenyewe na sio kwenye fununu, ndo posti yake inazunguka kwenye magrupu ya wafanyabiashara.

Kuhusu rafiki yako, hapana, fundisha. Watu wengi tu wanajua kupika pilau ila siku ya shughuli wanaita wapishi. Mwenye duka anafungua asubuhi mpaka jioni, hana muda wa kukaa na risiti za miezi mitatu zilizorundikwa kwenye boksi la viatu, anachotafuta ni mtu wa kumwamini, na wewe akiona umeeleza vizuri bure ndo anaanza kukuamini. Wapo watakaochukua elimu wakafanya wenyewe, sawa, hao hata bila posti zako wasingekulipa.

Stetasi inapotea baada ya saa 24, kwa hiyo vitu vizuri usiviache huko tu, viweke mahali mtu akitafuta Google miezi sita baadaye anavikuta. Na ile brodikasti ya WhatsApp inamfikia tu aliyesevu namba yako, ndo maana unaweza kutuma kwa watu 200 wakapata kumi, basi omba kila mtu akusevu. Usichukue namba za watu kwenye magrupu ukaanza kuwatumia matangazo, inaudhi, na siku hizi kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Karatasi ya mteja usiiposti hata ukifuta jina, Kariakoo watu wanajuana. Na usijiite CPA, yaani mhasibu aliyethibitishwa, kama NBAA, bodi ya wahasibu, hawajakupa, sema diploma yako bila aibu.

Mwisho wa kila posti andika unafanya nini, kwa nani, na unaanzia bei gani kwa mwezi. Posti mbili za hivi kwa wiki zinatosha, hilo bango la Jumatatu njema lipumzishe.

SWALI: Dada, mimi napiga picha za bidhaa na vyakula, niko Mbezi. Kontenti yangu watu wanaipenda na wanakuja inboksi kuuliza bei, nikitaja tu wanapotea. Nishushe?
*Mpiga picha*

JIBU: Usishushe kwanza, iweke bei ya kuanzia kwenye posti zenyewe. Haya mambo ya "bei inboksi" yanakuletea watu wasio na bajeti yako, unashinda unachati nao, na mwenye mgahawa ambaye hela anayo anapita kimya akidhani ni ghali kuliko ilivyo. Na badala ya kuonyesha sahani imetoka nzuri tu, onyesha kwa hiyo bei anapata picha ngapi, zinamfikia baada ya siku ngapi, na vyombo na taa analeta nani. Ukifanya hivyo mwezi mmoja mzima na bado wenye migahawa wanapotea, hapo niandikie tena tuongelee bei yenyewe.