Mizani iligoma kwenye kilo 86 kwa wiki tisa

Juzi usiku dada mmoja wa Wete kaniandikia: "Dada, mwezi wa pili huu mizani yangu haitikisiki. Mazoezi nafanya, chakula nimepunguza. Nimechoka, nataka niache." Nimeusoma ujumbe huo mara tatu nikiwa nimekaa kwenye charahani, kazi ikanishinda. Huyo ni mie wa mwezi wa Disemba. Na kwa kuwa Ijumaa hii nimepanda mizani nikakuta 81, naona nimjibu hapa hapa, asikie yeye na msikie nyote mnaoamka alfajiri kuipigania miili yenu.

Nilianza baada ya Sikukuu ya Mfunguo Tatu nikiwa na kilo 97. Magoti yananiuma, presha imeanza kupanda, na daktari kashaniambia wazi kuwa nikiendelea vile nitaanza vidonge. Nikaacha chapati za asubuhi, nikaacha soda, na kila baada ya sala ya alfajiri nikawa naenda Gombani kuzunguka uwanja na wenzangu wanne. Miezi minne, kilo 11. Sina la kuieleza zaidi miezi hiyo. Mtu akitoka kwenye ulaji niliokuwa nao, mwanzo hupungua tu.

Ilipofika Oktoba, karafuu zimeanikwa kila upenu na harufu imetanda barabara nzima, mizani ikasimama 86. Wiki ya kwanza sikujali. Wiki ya tatu nikabadilisha betri. Wiki ya tano nikaacha kula usiku, nikawa nalala na njaa na kuamka na hasira. Wiki ya sita nikanunua kwa mtu wa mtandaoni majani ya chai ya "kukata tumbo". Yakaniharisha siku tatu, nikashuka kilo moja na nusu. Nilipokunywa maji na kula kama watu, zikarudi zote. Yaliyotoka yalikuwa maji, mafuta hayakuguswa. Nawaombeni, majani hayo msiyanunue.

Kisha ikaja harusi, Mkoani. Mtu wangu wa karibu, ambaye namheshimu, alinishika mkono mbele ya wanawake wote waliokuwa wakipakua biriani akasema: "Huyu ndiye anayekimbia kila alfajiri, na mwili ndio uleule." Watu wakacheka. Alikuwa hajaniona tangu nina kilo 97! Nilikula sahani mbili siku ile, na wala si kwa njaa. Mpaka leo nikilikumbuka neno lile koo linanikaba. Kama una mwenzio anayejitahidi, chunga ulimi wako. Hujui amelala vipi.

Usiku ule niliporudi nilichukua daftari la vipimo vya wateja, nikafungua ukurasa mtupu, nikaanza kuandika kila kilichoingia mdomoni mwangu tangu asubuhi. Si sahani tu. Kila kitu. Nikaendelea hivyo siku nne.

Chai ndiyo iliyonitoa machozi. Mwezi wa kwanza nilikuwa nakunywa bila sukari kabisa. Kijiko kimoja kikarudi siku moja nina mafua, cha pili kikafuata, sikuona. Daftari likanionesha vikombe sita kwa siku, vijiko vitatu kila kikombe, maana fundi akikaa kwenye charahani na kikombe kipo pembeni. Nikachukua glasi tupu nikamimina vijiko 18 vya sukari, kimoja kimoja. Ikapita theluthi ya glasi. Kijiko kimoja ni kama gramu 4, kwa hiyo pale palikuwa na gramu 72, karibu kalori 290. Shirika la Afya Duniani linasema ni vyema zaidi sukari ya kuongeza isizidi gramu 25 hivi kwa siku. Niliiacha glasi ile dirishani wiki nzima niione kila nikipita.

Na bado kuonja. Kuonja mchuzi, kumalizia wali wa nazi uliobaki kwenye sahani ya mtoto, kijiko kimoja cha mafuta cha ziada kwenye kikaango. Kijiko kikubwa cha mafuta peke yake ni kalori 120. Kwa hiyo ukiniambia "chakula nimepunguza", nakuuliza: umeandika? Kama hujaandika, hujui.

Lakini si kosa la chai peke yake, na hili nataka mlielewe ili msijilaumu. Mwili wa kilo 86 hauhitaji chakula kingi kama mwili wa kilo 97. Ile sahani iliyokupunguza mwanzo ndiyo hiyo hiyo inayokuweka palepale sasa. Tena mwili hubana matumizi. Nimesoma habari za jaribio la mtafiti Ancel Keys kule Minnesota, Marekani, mwaka 1945, ambapo wanaume 36 walipunguziwa chakula kwa miezi sita. Mapigo ya moyo yao yalipungua, wakawa wanaona uvivu hata kuinuka. Nikajiona mimi. Nilikuwa natoka Gombani saa moja asubuhi, kisha kutwa nzima sinyanyuki, namtuma mtoto hata maji ya kunywa, hata mkasi ulio mezani. Dakika 50 za alfajiri nilikuwa nazifuta mwenyewe mchana.

Nilichobadilisha ni kidogo. Sukari nje. Tui la kwanza nikaliacha kwa Ijumaa tu, siku nyingine napikia tui jepesi. Kila mlo nione kwanza samaki, au dagaa, au choroko, au yai, ndipo niutazame wali, maana mtu akipungua bila kula hivyo hupoteza na misuli yake. Chakula cha usiku nikakirudisha. Siku tatu kwa wiki nikaacha kuzunguka uwanja, nikawa nachukua ndoo mbili za lita 10, nazijaza, nazibeba na kupanda nazo kilima cha nyuma ya nyumba. Mara ya kwanza nilipanda mara mbili nikaketi chini. Sasa napanda mara nane. Na maji najichotea mwenyewe.

Wiki mbili za mwanzo mizani haikusema kitu. Lakini mie ni fundi, nina futi shingoni kutwa. Nikajipima kiuno, kilikuwa inchi 42, nikakuta 41. Mizani ikafuata baadaye, tena polepole, gramu mia nne wiki hii, kilo wiki ile. Tarehe 1 Januari, siku ya mazoezi kwetu Zanzibar, nilitembea na wenzangu nikiwa na 84, na sikuchoka.

Mwili ni amana, ndugu zangu, na amana hutunzwa kila siku, hasa siku ambazo hakuna anayekusifu. Andika unachokula. Andika na unachokunywa. Usikate tamaa kwa namba moja, jipime na kiuno. Andika. Na kama una kisukari au unakunywa dawa za presha, muone daktari kabla ya kubadilisha chochote.

Dada wa Wete, Ramadhani ipo mlangoni, na kaimati na tambi mnazijua. Niandikie siku zako nne kabla mwezi haujaandama, hata kwa picha ya karatasi, nitazisoma zote. Mie gauni langu la Idi nimeshalikata kwa kiuno cha inchi 37. Lipo kwenye kamba, limebaki zipu tu, na leo asubuhi nimepima 38.