Cheti kisichotaja rangi

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imefika, nasi hatujambo. Umeniuliza iwapo tangazo la ghala unakofanya kazi huko Marekani, linalodai cheti cha sekondari kwa wapakiaji, laweza kuwa ubaguzi wa rangi kama anavyodai mwenzako, ilhali halitaji rangi ya mtu. Laweza, ingawa si kila mara.

Huko huko palikuwa na kesi ya Willie Griggs na wenzake dhidi ya Duke Power, kampuni ya umeme ya North Carolina. Katika kituo chake cha Dan River, Weusi waliajiriwa idara ya vibarua tu, ambako mshahara wa juu kabisa haukufikia ule wa chini kabisa wa idara nyingine. Sheria ya Haki za Kiraia ilipoanza kubana waajiri, tarehe 2 Julai 1965, siku hiyo hiyo kampuni iliongeza mitihani miwili juu ya sharti la cheti cha sekondari, katika jimbo ambalo, kwa sensa ya 1960, wanaume Weupe waliomaliza sekondari walikuwa asilimia 34 na Weusi asilimia 12, kwa kuwa shule zenyewe zilitengwa kwa rangi.

Mwaka 1971 Mahakama ya Juu iliamua kwa kauli moja kwamba nia njema ya mwajiri haitoshi: sharti linalowaengua Weusi kwa wingi ni haramu asipoweza kuonyesha kwamba linahusiana na kazi yenyewe. Hapo ndipo kampuni ilipokwama, maana Weupe wa zamani wasio na cheti walikuwa wakiendelea na kazi zao vizuri tu.

Nakiri, kwa aibu kidogo, kwamba nilipokuwa afisa utumishi niliwahi kuandika "kidato cha nne" katika tangazo la walinzi, si kwa sababu lango lilihitaji aljebra, bali nipunguze rundo la barua mezani. Rangi haikuhusika, lakini walioachwa nje walikuwa vijana wa vijiji visivyo na sekondari.

Sisemi kila sifa ni ubaguzi. Rubani asiye na leseni simpandii ndege, awe wa rangi yoyote. Ila kabla hujambishia mwenzako, watazame wapakiaji waliotangulia sharti hilo. Wakiwapo wasio na cheti na mizigo wanaipanga sawasawa, muulize msimamizi wako cheti hicho kinafanya kazi gani ghalani, na ni waombaji gani kimewarudisha mlangoni.

Wasalaamu,
Baba yako