Popoo ya Tambuu: Hulinda Seli au Huziua?

SWALI: Mhariri, shikamoo. Marehemu bibi yangu, aliyehamia Mwanza kutoka Tanga, alitafuna tambuu kila jioni. Juzi sokoni Kirumba nimeambiwa kuwa popoo, ile kokwa inayotafunwa pamoja na jani la tambuu, ina viambata vinavyokinga seli za mwili. Je, ni kweli?

JIBU: Marahaba. Uliyoambiwa ni nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo inayonitia wasiwasi. Popoo ina viambata vingi vya mimea viitwavyo polifenoli, hasa tanini na katekini, zile zinazoukausha ulimi kama ndizi mbichi, nazo katika maabara huzima chembe haribifu za oksijeni. Mdomoni mambo hugeuka, kwa sababu chokaa inayopakwa kwenye jani la tambuu huongeza ualkali (kinyume cha uasidi) wa mate, na hapo polifenoli zilezile huzalisha chembe ambazo tulitaraji zizizime.

Tena imo arekolini, alkaloidi inayomchangamsha mtafunaji na kumfanya airudie, ambayo ni sumu kwa seli za utando wa kinywa. Polepole utando hukakamaa, hata mtu akashindwa kufumbua kinywa kupokea tonge la ugali na sato. Mwaka 2004 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilichapisha uamuzi wake kwamba popoo husababisha saratani kwa binadamu, hata isipochanganywa na tumbaku.

Ukisikia kwamba dondoo la popoo, yaani maji yenye viambata vilivyokamuliwa kutoka humo, huua seli za saratani, usilichukue kuwa tiba, kwani sumu hiyo haichagui seli. Kama nyumbani yupo anayetafuna, naye ana doa jeupe au kidonda cha mdomoni kisichopona kwa wiki 2, tafadhali mpeleke kwa daktari wa kinywa.